Gari la rimoti limekufa siku ya 2, mtoto analilia lori la mlingoti la jirani. Nifanyeje?

Mama wa Makorora:
Habarini wakuu. Niko Makorora hapa Tanga, mwanangu wa kiume ana miaka 5. Mjomba wake alikuja kutoka Dar na gari la rimoti, lile la taa na honi. Siku ya kwanza nyumba haikukalika. Siku ya 2 betri zikaisha, tukanunua nyingine, jioni likaingia maji, basi tena.

Kimbembe ni huku: mtoto wa jirani, yuko la tano, ana lori la mlingoti wa mkonge, ile nguzo ndefu inayobeba maua yake. Matairi kakata kwenye kandambili kuukuu, ekseli ni spoku za baiskeli, bodi ni dumu la mafuta ya kula. Wangu kutwa yuko barazani kwao analivuta, kumrudisha ni kilio. Baba mkwe kasema atamtengenezea. Mume wangu hataki hata kusikia, ati watu watasema tumeshindwa kununua toi, mtoto anachezea takataka. Keshatenga elfu 30 ya rimoti nyingine kwa ajili ya Idd. Nimwache mume wangu anunue, au nimfuate mkwe?

Nahodha Mstaafu:
Mfuate mkweo, mwanangu. Mie nimekulia Kigombe, na mlingoti ndio ulikuwa duka letu la midoli. Mkonge wenyewe hutoa mlingoti mara moja tu, kisha unakufa; ukishakauka ni mwepesi, kisu cha jikoni kinauchonga. Tulichonga ngarawa, na matengo yake huku na huku, tukazishindanisha maji yakijaa. Ukiweka tanga kubwa inapinduka, ukiweka dogo unaachwa. Ikienda mrama unaogelea kuifuata.

Tanga lenyewe tulikata kwenye rambo. Wajukuu sasa wanashona la kiroba, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019. Na watoto wa chandimu waliumia hapo! Mpira wao ulikuwa rambo tupu na kamba.

Sitaki Unaa:
Mzee wangu shikamoo, ila mnasifia shida. Tulichezea makopo kwa kuwa hatukuwa na kitu. Mie kovu la bati ninalo mguuni mpaka leo. Ningepewa gari la rimoti utotoni, wallahi ningelala nalo kitanda kimoja. Mama, mwache baba mtoto afurahi na elfu 30 yake.

Nahodha Mstaafu:
Marahaba. Kovu la bati na mie ninalo. Lori la mlingoti halina bati.

Nesi wa Zamu:
Mie sina ugomvi na toi za dukani, nina ugomvi na zile betri bapa za duara, kama sarafu. Mtoto akimeza, ikakwama kooni, ndani ya saa 2 tu inaweza kuunguza vibaya. Msimtapishe, kimbieni hospitali, hata kama hana dalili yoyote. Kabla ya kulipa, tazama kifuniko cha betri: kama hakina skrubu, rudisha. Na hilo la babu, ncha za spoku azikunje ndani. Za kwetu ziliishia machoni mwa watu.

Shoga wa Chumbageni:
Hao watakaosema "takataka" ndio watakaomleta mtoto wao barazani kwako. Lete mrejesho.

Mama wa Makorora:
Mrejesho, wapendwa. Lile bovu nilikuwa natupa, babu akanipokonya. Kang'oa matairi manne ya mpira, kayafunga kwenye mlingoti, spoku kazikunja kama nesi alivyosema. Mtoto alikaa pembeni saa nzima anashikilia misumari, hakutaka hata chai.

Jana magharibi nimetoka uani namkuta mume wangu kashika kamba, anamwonyesha mwanawe namna ya kukata kona na shehena ya mchanga. Nimerudi ndani kimya kimya. Elfu 30 tumenunulia viatu vya Idd, ila bastola ya maji mtoto bado anaidai, na babu kasema hiyo hana ujuzi nayo.