Tepu ya wimbo ambao haukutoka: mashine ya USB, fundi wa Malindi au studio ya Mombasa?

MwanaLangoni
Asalaam aleikum wanajamvi. Nina tepu ya arusi ya hapa Amu (Lamu), ndani mna wimbo wa nyota wa taarab, sasa ni marehemu, ambao hakuwahi kuutoa. Katikati umekatika, kuna mtu alirekodi taarifa ya habari juu yake. Nataka kuuingiza kwenye kompyuta. Ninunue ile mashine ndogo ya USB, nimpelekee fundi Malindi, au studio ya Mombasa? Ami yangu anapanda basi Mokowe Jumamosi. Kipi bora?

FundiRedio
Waaleikum salaam. Bora kwa lipi? Hujasema tepu ni ya dakika ngapi. Hujasema kama ni ya asili au nakala ya nakala. Mfuko je? Na chungulia kwenye kidirisha chake, kuna unga mweupe ukingoni mwa utepe?

BahariHindi
Mwimbaji nani kwanza?

MwanaLangoni
Ni ya dakika 90, ya asili, ilikuwa kabatini kwa nyanya. Jina sitaji, watoto wake wapo na sijazungumza nao. Unga upo, kidogo, upande mmoja.

FundiRedio
Basi usiicheze popote. Hiyo ni koga, na kwa unyevu wa Amu haikosi. Ukipeleka mbele kwa kasi, utepe uliogandana unakatika. Iweke kwenye kopo pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ikae siku kadhaa. Halafu ifunguliwe na mtu anayejua.

BintiShela
Jamani msimtishe. Mimi nilinunua ya USB, elfu tatu na kitu, nikaingiza tepu zote za vugo, ile ngoma ya arusi ya wanawake, za mamangu. Programu ya kurekodi, Audacity, ni ya bure, unabonyeza rekodi tu. Kwa nini umpe mtu pesa?

FundiRedio
Dada, vugo ni pembe na sauti za wanawake, mwendo ukiyumba husikii. Udi wa taarab utausikia, nyuzi zinalia kama zimelewa. Hizo mashine kichwa chake cha kusomea utepe ni cha bei rahisi na mwendo wake hautulii. Atafute deki nzuri ya zamani, kichwa kisafishwe kwa spiriti, ile skrubu ndogo pembeni ya kichwa izungushwe taratibu mpaka sauti ing'ae. Arekodi faili ya WAV, isiyobanwa, biti 24, kilohezi 96. MP3 ni ya kumtumia shangazi kwenye WhatsApp.

KakaMaweni
Nisikilizeni mimi niliyeungua. Nilipeleka tepu ya marehemu baba kwa duka moja, mji siutaji. Kijana akaipokea huku anakula mahamri, akaitia kwenye mashine mbele yangu, akabonyeza kupeleka mbele. Nikasikia "tak". Akafungua mlango, utepe umejizonga kwenye gurudumu la mpira. Akauvuta kwa kidole kile kile chenye mafuta! Akaunga kwa selotepu ya kawaida, ya kufungia zawadi. Ile gundi hutoka pembeni, inashika tabaka la utepe linalofuata, kila mzunguko inabandua sauti. Nikapewa sidii baada ya wiki mbili. Nusu ya kwanza sauti ya baba imekuwa ya mtoto kwa mbio, nusu ya pili ni arusi ya watu nisiowajua, bibi arusi analetwa, watu wanapiga vigelegele. Niliporudi kulalamika nikaambiwa tepu ilikuja hivyo. Kwa hiyo popote uendako, kaa hapo hapo mpaka amalize.

MzeeMatondoni
Mwanangu, usimpe mtu wa basi. Tepu itakaa mbele kwa dereva, yua lote la ndiya ni lake. Enda nayo wewe.

BahariHindi
Siku hizi kuna akili bandia. Si mliona ile tepu ya John Lennon wa Beatles? Wenzake walijaribu miaka ya tisini wakashindwa, 2023 kompyuta ikatenganisha sauti na piano, "Now and Then" ikatoka.

FundiRedio
Ile sauti ilikuwepo, imefunikwa tu na piano. Hapa kichwa cha kufutia kilipita kwanza, kisha ndio habari zikaandikwa. Kompyuta itamtoa nani?

BahariHindi
Itaimba ubeti uliopotea kwa sauti yake mwenyewe.

BintiShela
Astaghfirullah. Umwekee marehemu maneno kinywani?

KakaMaweni
Tena taarab mara nyingi mwimbaji si mshairi. Kwa sheria ya Kenya haki ya mtunzi inaishi miaka 50 baada ya kufa kwake. Familia za kuombwa ruhusa huenda ni mbili. Mwenye shairi huenda ana daftari, na ubeti ule umo.

MwanaLangoni
Hilo la daftari sikulifikiria. Mshairi alikuwa mtu wa mtaa wa Mkomani, hapa Amu.

BahariHindi
Basi mwimbaji ni Zein l'Abdin, yule mpiga udi!

MzeeMatondoni
Kila udi kwenu ni Zein. Na huyo Zein mwenyewe, mzaliwa wa Amu, Waingereza wakamtolea albamu 1990 wakaiita "Mtindo wa Mombasa". Amu hata kwenye jina haimo.

KakaMaweni
Mzee, kikundi kilikuwa Mombasa, ulitaka waiiteje?

MzeeMatondoni
Mkono ulitoka Amu.

BintiShela
Haya yameanza. MwanaLangoni, ukitaka mashine yangu njoo Shela uichukue, sitaki hata senti.

FundiRedio
Asubiri koga ikauke! Na vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa tepu, ambavyo vikivunjwa mtu hawezi kurekodi tena juu yake, vimevunjwa?

MwanaLangoni
Kimoja kimevunjwa, cha upande wa pili. Wimbo uko upande wa kwanza.

FundiRedio
Kivunje na hicho leo leo.