Taarab kwenye siku ya wazi ya chuo cha muziki Hamburg: ala, tuni na ratiba

kiitikio_cha_pili aliuliza:

Wakuu, salaam. Kundi la taarab la watu 9 limepewa nafasi kwenye siku ya wazi ya majira ya joto katika chuo kikuu cha muziki na tamthilia hapa Hamburg, mwanzoni mwa Julai. Tunapiga mara mbili: bustanini 16:00 kwa dakika 25, kisha ukumbini 19:30 kwa dakika 30. Ala ni kanuni (ya nyuzi nyingi, hulazwa na kukwanyuliwa), udi (wa nyuzi, wenye tumbo la duara), fidla mbili, akodiani, dumbaki (ngoma ya kupigwa kwa mikono), rika (tari ndogo yenye njuga) na besi, pamoja na mwimbaji mmoja. Wapiga fidla ndio wanaoitikia.

Chuo kinataka mchoro wa jukwaa na orodha ya maiki wiki tatu kabla. Ninachoomba kujua: ngozi za ala zitastahimili vipi kutoka nje kuingia ndani? Tuombe mitambo gani? Na kwenye dakika 25 tupange nini, maana nyimbo zetu ni ndefu?

---

nyuzi78 alijibu:

Anza na kanuni, hiyo ndiyo itakayowatesa. Daraja lake limekaa juu ya ngozi. Ngozi ikikauka kwa jua inakaza, daraja linainuka na sauti zote zinapanda. Ikinyonya unyevu inalegea na sauti zinashuka. Ubaya ni kwamba hazipandi wala hazishuki kwa kiasi kimoja, kwa hiyo huwezi kusema kundi zima limfuate mpiga kanuni. Chuo kile kiko Harvestehuder Weg, ng'ambo ya barabara ni bustani ya umma na ziwa la Alster. Tegemeeni jua kali, wingu na upepo wa maji ndani ya nusu saa moja.

Kanuni yenye nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, ina sauti 26 za kutengeneza. Mtu mzoefu anahitaji dakika 15 hadi 20. Muda huo hamtaupata jukwaani, kwani kwenye siku kama hizi kundi linashuka na jingine linapanda ndani ya dakika 10 au 15. Kwa hiyo ombeni hema la mita 3 kwa 3 nyuma ya jukwaa, lisilopigwa jua. Kasha lifunguliwe humo dakika 45 kabla, ala izoee hewa ya nje ikiwa imelegezwa kifuniko. Tuni kamili ianze 15:20. Mkishakaa jukwaani mnagusa zile zilizokimbia tu, kwa kipima tuni cha kubana, si kwa sikio, maana kutakuwa na kelele za watu na jukwaa la jirani.

Jukwaa nalo liwe na paa. Jua likipiga ngozi ya kanuni dakika tano tu wakati wa wimbo, sauti za juu zinakuwa kali na hakuna namna ya kuzirudisha hadi wimbo uishe.

Udi: usibaki ndani ya gari. Gari lililofungwa juani linapita digrii 50 kwa urahisi, gundi ya daraja inalainika, na nyuzi 11 zinalivuta mpaka linabanduka.

Rika na dumbaki za ngozi zina tatizo la kinyume, zinalegea jioni hewa inapopoa. Nyumbani tungeziota moto. Pale moto wa wazi hauruhusiwi jengoni, na bustanini msijaribu bila idhini. Tumieni kikausha nywele, umbali wa sentimita 30, kikizungushwa bila kusimama mahali pamoja, dakika moja kisha pima kwa kidole. Ukizidisha ngozi inapasuka ukingoni. Kwa dumbaki ya udongo kuna njia bora zaidi: balbu ya wati 25 ndani ya tumbo lake, ala ikiwa imelazwa kwa ubavu. Iwe balbu ya kizamani, ya LED haitoi joto la kutosha. Balbu za oveni bado zinauzwa madukani, ndizo zinazofaa. Bado chukueni rika moja ya plastiki kama akiba.

---

fundi_mikseta alijibu:

Nyongeza upande wa mitambo. Orodha ya njia za sauti iwe hivi: kanuni 1, udi 1, fidla 2, akodiani 2 (mkono wa kulia na wa kushoto), dumbaki 1, rika 1, besi 1, mwimbaji 1, waitikiaji 2. Jumla 12. Spika za kujisikia ziwe 4: moja kwa mwimbaji, moja kwa kanuni na udi, moja kwa fidla, moja kwa dumbaki na besi. Msiseme tu "maiki za kutosha", mtaletewa sita za waimbaji na hamtakuwa na la kufanya.

Kanuni inataka maiki ndogo ya kondensa, sentimita 20 hadi 25 juu ya nyuzi, ielekee pale vidole vinapokwanyua. Ukiielekeza kwenye daraja sauti inakuwa kavu kama bati. Andikeni wazi kwamba mikseta iwe na umeme wa fantomu (unaopita kwenye waya wa maiki yenyewe) wa volti 48, bila huo maiki hiyo ni bubu. Nje, kila maiki ivishwe sponji ya upepo. Besi ikiwa na kihisi chake, iingie kwa kisanduku cha DI (kinachounganisha ala moja kwa moja na mikseta).

Udi ndio huanza kuunguruma kwenye spika, kwa kawaida kati ya Hz 150 na 250, kwa sababu tumbo lake linaitikia sauti za chini. Mwambieni fundi apunguze hapo desibeli 3 hadi 6 kabla ya kumwongezea mpiga udi sauti. Mkipewa dakika 10 za kujaribu sauti, msizimalize kwa wimbo mzima: kila ala sekunde 20, kisha kiitikio kimoja wote pamoja.

Kwenye mchoro andikeni viti 8 visivyo na mikono (mikono ya kiti inazuia upinde na inagonga udi) na jukwaa lisilopungua mita 6 kwa 4. Mkipeleka vikuza sauti vyenu, gurudumu la waya wa umeme likunjuliwe lote. Likiwa limeviringishwa linabeba kama wati 1,000 tu badala ya 3,500, linapata joto na kujikata katikati ya wimbo.

---

kiitikio_cha_pili:

Ahsanteni sana, wakuu. Sikusema jambo moja: kwenye ukumbi mwanafunzi mmoja wa chuo atapiga piano nasi wimbo mmoja. Akodiani yetu ni 440 (yaani La yake ni Hz 440). Kuna shida?

---

nyuzi78:

Ipo, na iulizieni leo. Piano za vyuo vya Ujerumani mara nyingi huwekwa 442 au 443. Akodiani ya 440 ikipiga La pamoja na piano ya 443, utasikia sauti inayumba mara 3 kwa sekunde, na ukipanda oktava moja inayumba mara 6. Akodiani haitengenezwi kwa siku moja, na piano ya ukumbi hawataishusha kwa ajili ya wimbo mmoja, kwani tuni ya namna hiyo haikai na kesho yake kuna wengine.

Wimbo huo akodiani inyamaze. Kanuni, udi, fidla na besi zipandishwe kwa piano. Uwe wimbo wa mwisho, au wa kwanza? Wa kwanza. Mtengeneze kila kitu kwa 443 kati ya 18:45 na 19:20 mkiwa ndani, mpige na piano, kisha akodiani ikae kando kwa nusu saa nzima ya ukumbini. Kushusha nyuzi 78 mbele ya watu hapana. Tena chagueni wimbo usio na robo sauti. Ule ulio katika rasti (maqamu yenye robo sauti, ambazo piano haina) piano itauharibu, hata mpigaji awe hodari namna gani.

---

bi_cherewa alijibu:

Mimi naona kanuni isitoke nje kabisa. Siku ya wazi si tamasha la kukaa. Watu wanapita na ramani mkononi, dirisha hili kuna kwaya, lile kuna mtu anaigiza, wanasimama dakika tano na kuendelea. Bustani inataka kidumbaki, yaani taarab ndogo ya ngoma: fidla moja, ngoma mbili ndogo, sanduku (besi ya kisanduku), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na cherewa (kayamba za kutikisa). Hakihitaji mikseta, na watoto wanaweza kupewa cherewa mkononi. Kanuni isubiri ukumbini, ambako watu wamekaa na wanasikia kila unyuzi.

Mkiamua kupeleka taarab nje hata hivyo, dakika 25 zigawanyeni: bashraf (kipande cha ala bila kuimba) dakika 4 ya kuvuta watu, wimbo wa dakika 7, mwingine wa 8, na wa kumalizia 4. Zinabaki 2 za maneno. Punguzeni beti, msipunguze kiitikio. Chapisheni karatasi ya Kijerumani yenye maana ya kila wimbo kwa sentensi tatu nne, na mseme pia kwamba msikilizaji anaweza kuinuka kumtunza mwimbaji. Bila kuambiwa watakaa kimya wakidhani kuinuka ni utovu wa adabu.

Chuo kitawaomba orodha ya nyimbo kwa ajili ya GEMA, shirika la Ujerumani linalokusanya malipo ya haki za watunzi wa muziki: jina, mtunzi wa muziki, mtunzi wa maneno, muda. Anayelipa ni mwandaaji, ila orodha ni yenu. Msiandike "wa jadi" kwa sababu tu wimbo ni wa zamani. Ulinzi wa Ujerumani ni miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi. Alichotunga mwenyewe Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyefariki 1950, kimeshatoka kwenye ulinzi huo, lakini maneno na muziki vikiwa vimetungwa pamoja na watu wawili, hesabu inaanzia kwa aliyefariki mwisho.

Na kwenye ujumbe wa kundi andikeni saa kwa namna mbili: 16:00, saa 10 jioni. Hiyo 19:30 ni saa 1 na nusu usiku, ingawa jua la Julai pale huzama karibu saa 4. Atakayetazama mwanga badala ya saa atachelewa.