Tupeane uzoefu: mradi wako wa maonyesho ya sayansi shuleni uliishia wapi?

Baba Naila:
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko kidato cha pili, kaja na karatasi ya shule: Ijumaa ya wiki ijayo kila kundi lipeleke mradi wa sayansi. Kundi lao limechagua kusafisha maji ya mto kwa mbegu za mlonge. Nimemkuta sebuleni na ndoo ya matope, manila na maka peni, nikacheka peke yangu. Sisi enzi zetu tulipeleka betri ya ndimu. Hebu tupeane uzoefu, nyie ilikuwaje? Na aliyewahi kufanya huo wa mlonge anipe njia.

Nduguye Ohm:
Betri ya ndimu haijawahi kuwasha kitu nchi hii.

Kinyozi Msomi:
@Nduguye Ohm semea yako. Tatizo mlikuwa mnaunga balbu ya tochi. Ndimu moja yenye kipande cha waya wa shaba na msumari wa bati inatoa kama volti 0.9, ila mkondo wake kiduchu, balbu ya tochi haishtuki hata kidogo. Unga ndimu tatu nne mfululizo, chomeka LED nyekundu ya redio mbovu, ile inataka volti 1.8 hivi. Halafu zima taa za chumba, majaji wataiona.

Shemeji wa Taifa:
"Zima taa za chumba" 😂😂 sayansi ya gizani

Mtoto wa Mufindi:
Mmenikumbusha mbali sana. Sisi tulitengeneza mashine ya kutotoleshea vifaranga. Boksi la mbao, ndani karatasi za kung'aa, balbu mbili, sahani ya maji kwa ajili ya unyevu, na kipimajoto tulichoazima maabara. Kazi ilikuwa kuilinda nyuzi 37.5. Kule kwetu Mafinga mwezi wa saba unaongea unatoa moshi mdomoni. Umeme ukikatika usiku tunaamshana bwenini, tunachemsha maji, tunajaza chupa za soda na kuzipanga humo ndani. Mayai yanageuzwa asubuhi, mchana, jioni. Kuna mwenzetu alikuwa anayageuza huku anasali.

Mwalimu akapiga hesabu: kuku ni siku 21, basi yawekwe tarehe ambayo yatapasuka Dar mbele ya majaji, siku ya ufunguzi. Mkoani tukapita kiroho safi.

Sasa safari. Basi linaondoka alfajiri, boksi halina pa kuchomeka. Mayai tukayafunga kwenye blanketi pamoja na chupa za maji ya moto, nikayapakata mimi. Kufika Ipogolo chupa zimeshapoa, mama ntilie mmoja akatuonea huruma akatujazia upya. Kufika Kitonga, lori limelala kwenye kona. Foleni mpaka jua likawa kali. Ilipofunguka tukateremka Ruaha Mbuyuni, na lile joto lake mnalijua. Kipimajoto kinasoma 39 na bado kinapanda. Mwalimu anapiga kelele, "Toa chupa! Fungua blanketi!" Tukawa tunayapepea mayai kwa daftari la mradi, basi zima limegeuka linatutazama.

Tunaingia Mikumi nikasikia "pii". Halafu ingine. Kondakta akasimama: "Nani kapanda na kuku bila kulipia mzigo?" Mpaka Morogoro vilikuwa saba mapajani kwangu, bibi mmoja kavua kanga ya juu kavifunika.

Kwa majaji tulifika na vifaranga, maganda na mashine. Jaji mmoja akasikiliza maelezo yote kwa utulivu, kisha akauliza: "Kwa hiyo mashine ni hili boksi, au ni mapaja yako?"

Sina hamu.

Nduguye Ohm:
Chai hii. Siku 21 ni 21, yapasuke Mikumi kwa nini? Yanashangilia tembo?

Mama Vifaranga:
@Nduguye Ohm, mwanangu, ukiwa hujui uliza. Mimi nafuga. Joto likizidi kidogo tangu mwanzo, yanatotoa mapema hata kwa siku nzima, na kuanzia siku ya 18 kifaranga anatoa joto lake mwenyewe, ndiyo maana baridi ya njiani haikuyaua. Kilichonishangaza ni kwamba siku za mwisho mayai hayageuzwi kabisa, huyu kayatikisa Kitonga nzima na bado kapata saba!

Shemeji wa Taifa:
"Au ni mapaja yako" 😭😭 nimemwaga uji

Mkenya Halisi:
Huku kwetu tulikuwa na mashindano ya sayansi ya shule, Science Congress, kitambo, nyinyi mkaja kuiga baadaye.

Kinyozi Msomi:
Tumeiga Ireland, si Nairobi. YST (Young Scientists Tanzania, haya mashindano yetu ya sayansi ya shule) ilianzishwa 2011 na Dk Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, wakifuata mashindano ya Ireland yaliyoanza 1965. Shusha presha.

Mkenya Halisi:
Presha iko sawa, ni tarehe tu nimesoma. 2011 😂

Mwl Mstaafu:
Acheni ugomvi wa mipaka. Uozo ni wazazi. Nimewahi kuwa jaji ngazi ya wilaya, mtoto kaleta taa inayojiwasha ikiingia giza, lehemu imepigwa kifundi. Nikamuuliza kihisio ni kipi, akaangalia mlangoni alikosimama baba yake.

Baba Naila:
Mwalimu, mimi nimeomba njia tu, sijamfanyia.

Mwl Mstaafu:
Sijakutaja, Baba Naila. Umejitaja.

Binti Korogwe:
Mlonge tulifanya. Mbegu ziwe zimekaukia mtini, menya ganda, chukua kiini cheupe, twanga, changanya na maji safi kidogo, chuja. Mimina kwenye maji ya matope, koroga haraka dakika moja, kisha taratibu kama dakika tano, acha saa moja au mbili. Protini ya mbegu inayashikanisha matope yanazama. Lazima awe na chupa ya pili isiyowekwa mlonge, ikae pembeni muda uleule. Swali la kwanza la majaji ni hilo: umelinganisha na nini?

Nduguye Ohm:
Majaji wamechoka na mlonge. Afanye mafuta ya kufukuza mbu, kivumbasi.

Mwl Mstaafu:
Kivumbasi ndicho wamechoka nacho zaidi. Mlonge huohuo, ila asithubutu kumnywesha mgeni rasmi. Kung'aa si kufa kwa vijidudu, bado yachemshwe.

Shemeji wa Taifa:
Mnywesheni tu, atawapa ushindi kwa hofu

Baba Naila:
Wadau, binti kachukua simu kasoma uzi wote. Mlonge kautupa. Anataka boksi, balbu na mayai. Nimemwambia Ijumaa haifiki siku 21, ananitazama mimi tu.

Mama Vifaranga:
Nina trei iko siku ya 13. Njoo PM. Bei ya kuku, si ya yai.

Mtoto wa Mufindi:
Mpeleke shule kwa miguu.