Mada moja, wasikilizaji watatu: nibadilishe maneno kiasi gani?

Kinu na Mchi:
Wakuu, salaam. Mimi ni mfamasia. Nimepangiwa kuzungumzia usugu wa bakteria dhidi ya dawa kwa wauguzi, wanafunzi wa sekondari, na kina mama wanaoleta watoto kliniki. Kwa kina mama nimeandika: "Ukitumia dawa ovyo, mwili unaizoea, siku nyingine haikutibu." Fupi, inaeleweka. Mwenzangu kazini kaipinga. Mnasemaje?

Bibi Chaki:
Mwenzako yuko sahihi. Mwili hauzoei chochote hapo, vinavyozoea ni vijidudu. Mama akiamini ni mwili, atasema "mimi sinywi dawa ovyo, hainihusu", kumbe vijidudu sugu vinaweza kumfikia kutoka kwa jirani hata kama hajagusa antibayotiki mwaka mzima. Sema: "Dawa inaua vijidudu dhaifu, vile sugu vinabaki, vinazaana, vinahamia kwa wengine." Neno gumu liko wapi hapo?

Wanafunzi nawajua, nimefundisha biolojia mpaka nikastaafu. Wale usiwapunguzie maneno, waongezee. Andika "uteuzi asilia" ubaoni, yaani huko kubaki na kuzaana kwa vinavyohimili, watakutana nao kwenye mtihani. Kisha wape habari za Fleming: aligundua penisilini 1928, na 1945, alipopewa Tuzo ya Nobel, akaonya kwamba dozi ndogo mno huzalisha bakteria sugu. Vijana hupenda kusikia kwamba wakubwa walionywa wakapuuza.

Zamu ya Usiku:
Muuguzi hapa. Na sisi usituchukulie poa! Kwetu "dozi" ni kiasi cha mara moja. Mgonjwa akisema "nimemaliza dozi" ana maana ya vidonge vyote. Siku ya kikao chetu amua mapema unatumia ipi. Na "kutwa mara tatu" wakumbushe watu kuwa ni kila baada ya saa 8. Wengine hunywa asubuhi, mchana na jioni, usiku mzima hamna kitu.

Kinu na Mchi:
Shukrani, sentensi ya mwili naifuta. Bibi, nikisema "vijidudu", virusi vimo? Maana mafua ndiyo yanayowakimbiza kununua antibayotiki.

Bibi Chaki:
Vimo, kwa hiyo vitenganishe: "Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi." Neno virusi wanalijua vizuri tangu enzi za UKIMWI, korona ikaja kulikazia. Ukimaliza, mwombe mama mmoja awaeleze wenzake, wewe nyamaza usikilize. Atakapokwama ndipo pa kuandika upya kabla ya kliniki ijayo.