Kikundi cha ukoo: gari la kulala juu ya Canter

*Ijumaa, baada ya magharibi*

Salum: Shikamooni wakubwa. Mchoro wa ndani wa sanduku la kulala tutakalojenga juu ya lori letu la Canter huo hapo juu. Naombeni muutazame vizuri kabla hamjaanza kuukandia 😅

Baba Mdogo: Marahaba. Dah, kijana umechora. Hilo jiko lina hadi kabati la vikombe.

Shangazi: Naona granaiti 😍😍

Salum: Ni mfano tu shangazi.

Shangazi: Usiiguse. Iache hivyo hivyo.

Mama: Mimi naona vitanda vitatu na sisi tuko saba.

Salum: Mama, cha nyuma kinalaza watatu, wamelala kukatisha gari. Cha juu ya meza wawili, na meza yenyewe ikishushwa wawili. Saba hao.

Mama: Haya. Baba yako anavyokoroma sijui nani atalala kukatisha naye.

Mjomba wa Tabata: Mchoro mzuri. Sasa nionyeshe kilichopo chini ya sakafu.

Salum: Shikamoo mjomba. Chini ya sakafu ni Canter.

Mjomba wa Tabata: Marahaba. Hilo najua. Sanduku limekaaje juu ya hiyo Canter?

Salum: Tunafunga na yubolti, zile boliti za umbo la U, kama bodi za mizigo. Nimeongea na fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani, anasema analaza mbao ngumu juu ya chesisi, bodi inakaa juu yake, anakaza, kazi imekwisha.

Mjomba wa Tabata: Kazi imeanza.

Mjomba wa Tabata: Sikiliza. Chesisi ya lori ni ngazi iliyolazwa: reli mbili ndefu na vipande vya kukatisha. Ishike kona moja uinyanyue, uone inavyojipinda. Ndivyo ilivyokusudiwa. Tairi la mbele kushoto likipanda jiwe na la nyuma kulia likiwa shimoni, reli zile mbili haziko sawa tena, na hakuna kilichoharibika. Bodi ya mbao ya kubebea ndizi inajipinda nayo. Mbao zinalia lakini zinavumilia. Sanduku lako limezibwa pande zote sita, halijui kujipinda. Ukilikaza kila mahali, ama litapasuka kwenye kona, ama chesisi itapata ufa.

Mjomba wa Tabata: Na haitakuja kwa kishindo. Utaona mlango haufungi ukiegesha pabaya. Halafu silikoni ya dirisha inaachia. Halafu masika yakifika godoro linalowa na hujui maji yamepita wapi.

Baba Mdogo: Shemeji unatutisha.

Mjomba wa Tabata: Nakupa bei ya matengenezo mapema, shemeji 😂

Salum: Sasa tufanyeje mjomba?

Mjomba wa Tabata: Unatengeneza fremu ya pili ya chuma, sanduku linakazwa kwenye hiyo fremu, na fremu ndiyo inakaa juu ya chesisi. Nyuma, karibu na ekseli, unaifunga imara. Mbele, nyuma ya kebini, unaifunga kwa boliti ndefu zenye springi nzito. Reli ikishuka, springi inabanwa na fremu inabaki imenyooka. Uzito unakaa chini, ila chesisi inapata nafasi ya kucheza.

Mjomba wa Tabata: Kuna wanaoweka maegemeo matatu, mawili yamekazwa na moja linazunguka kwenye pini. Hiyo ni kwa wanaopanda mawe na magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Sisi tunakwenda Lushoto na pengine Ruaha kwenye vumbi. Springi zinatosha. Ila kati ya kebini na sanduku acheni nafasi, maana kebini itakwenda kwake na sanduku kwake.

Baba Mdogo: Na kuchomelea moja kwa moja kwenye chesisi? Fundi wangu alisema ndiyo imara zaidi.

Mjomba wa Tabata: Huyo asikaribie gari. Moto unalegeza chuma cha reli, na ufa unaanzia hapo hapo pembeni ya weldi. Na asitoboe ule ukingo wa juu wala wa chini wa reli, ndio unaobeba. Kiwandani wameacha matundu ubavuni mwa reli, tumia hayo.

Mwajuma: Bibi anasema: yeye atakaa wapi gari likiwa linatembea?

Salum: Kwenye kochi nyuma, bibi. Kuna dirisha kubwa, ataona milima yote.

Mama: Salum!

Baba Mdogo: Hapana. Nyuma hakai mtu gari likitembea. Ndiyo maana nilitafuta dabo kebini. Safu mbili za siti za nguvu, mikanda, wote saba mbele. Kochi lako halina mkanda, na hata ukiuweka umeukazia kwenye plaiwudi.

Salum: Lakini dabo kebini imekula urefu. Tumebaki na mita 3.1 tu za sanduku.

Baba Mdogo: Tubaki nazo.

Mwajuma: Bibi anasema asante. Pia anauliza ngazi ina hatua ngapi.

Salum: Sakafu itakuwa kama mita moja na kidogo kutoka chini. Hatua tano, za kukunja.

Mwajuma: Anasema na chuma cha kushika, pande zote mbili. Na zisiwe za kukunja.

*Jumamosi*

Mjomba wa Tabata: Salum, umepiga hesabu ya kilo?

Salum: Nimepiga usiku mjomba. Uzito wa juu unaoruhusiwa ni tani 5.5. Baba Mdogo aliipima ikiwa chesisi na kebini tu, tani 2.3. Inabaki 3.2. Sanduku na ile fremu yako kilo 900. Vitanda, makabati, betri na paneli za sola 450. Maji lita 200 ni kilo 200. Dizeli lita 100 ni kama 85. Watu saba kwa wastani wa 65 ni 455. Mabegi, vyakula, gesi, viti vya nje 250. Jumla 2,340. Kuna akiba ya zaidi ya kilo 800!

Shangazi: Si unaona, granaiti inaingia.

Mjomba wa Tabata: Akiba hiyo msiile. Ukipakia hadi ukomo wa springi na breki halafu uteremke kutoka Lushoto kwenda Mombo na zile kona, utaijua. Halafu kila sanduku nililowahi kuona likipimwa limezidi makadirio ya mwenyewe. Boliti, gundi, rangi, waya, hakuna anayevihesabu.

Mjomba wa Tabata: Shangazi yao, kwa heshima zote, jiwe hilo libaki Kinondoni.

Shangazi: 😒 Basi mninga.

Salum: Mninga nao mzito shangazi. Nafikiria plaiwudi nyembamba na fremu za alumini, milango ya makabati iwe ya turubai lenye zipu.

Shangazi: Turubai. Nyumba ya wakimbizi.

Baba Mdogo: 😂😂😂 Tupeleke mchoro kwa maseremala wa Keko, watatengeneza vizuri tu hata kwa plaiwudi.

Mjomba wa Tabata: Na tenki la maji nimeliona umeliweka nyuma kabisa, chini ya kitanda. Litoe. Kilo 200 nyuma ya ekseli zinanyanyua pua, na usukani unakuwa mwepesi kwenye lami ya mvua. Liweke chini, kati ya ekseli mbili, na ndani yake liwe na vizuizi ili maji yasikimbie ukishika breki.

Mama: Hivi na mizani tutaingia? Si ni ya malori?

Baba Mdogo: Gari lolote linalozidi tani 3.5 linaingia. Vigwaza kabla ya Chalinze, lazima. Ila tani tano zetu kwao ni mzaha, pale wanatafuta wenye thelathini.

Shemeji Rama: Na leseni je? Mimi nina daraja D.

Baba Mdogo: D yako ni ya hiyo IST. Hapa tunataka E. Ninayo mimi, we utakuwa DJ. Na hata TANAPA, wale wa hifadhi, getini wanatoza gari kwa uzito wake likiwa tupu, kwa hiyo kilo tunazilipia kila mahali.

Baba Mdogo: Halafu tukimaliza lazima kadi ya gari ibadilishwe TRA, isomeke bodi ya sasa. Na bima iandikwe hivyo hivyo. Sitaki kubishana na trafiki barabarani na kadi inayosema flatbedi, yaani bodi wazi.

Asha: Samahanini nilikuwa saiti. Nani kaweka eee-si, kiyoyozi, kwenye mchoro?

Salum: Mimi dada. Joto la Februari unalijua.

Asha: Nalijua, na betri yako nayo naijua. Umeandika voti 24, ampea-saa 100. Hiyo ni kama uniti 2.4. Eee-si ndogo inakula wati 800 hivi ikifanya kazi. Ndani ya saa tatu betri imelala, na bado friji haijala. Feni mbili za paa, wati 30 kila moja, usiku mzima kwa muda wa saa nane hazifiki hata nusu uniti.

Salum: Tuongeze betri.

Asha: Ongeza pesa kwanza 😂 Sikiliza mdogo wangu, punguza joto kabla hujalifukuza. Paa jeupe. Paneli zisilale kwenye bati, zinyanyue kidogo hewa ipite chini, zitakuwa kivuli cha paa. Madirisha pande mbili zinazotazamana, yenye wavu wa mbu, na feni moja inavuta nje. Na tutakapolala pwani, gari lielekee upepo.

Asha: Canter ni ya voti 24, kwa hiyo nunua friji ya kompresa ya voti 24 moja kwa moja. Usipitishe kwenye inveta. Na kila waya uwe na fyuzi yake karibu na betri. Hilo nitalifanya mwenyewe, asiguse mtu.

Mama: Jiko nalo lingekaa nje. Ndani mnapika vitumbua joto lote linabaki kwenye magodoro.

Shangazi: Hapo nakubaliana na wifi. Mlango wa ubavuni unafunguka juu, jiko linavutwa nje, turubai la kivuli. Kwanza huko tunakwenda kukaa nje.

Mjomba wa Tabata: Mtungi uwe na kisanduku chake, kimezibwa upande wa ndani, tundu la hewa liwe CHINI kabisa linatoka nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni.

Mama: Na Lushoto mwezi wa sita baridi ikiwabana msije mkaingiza jiko la mkaa ndani. Watu wanalala na hawaamki. Sitanii. Blanketi tu.

Mwajuma: Bibi anauliza choo.

Salum: Hakuna nafasi bibi, tutatumia vya kambini.

Mwajuma: Bibi anasema basi yeye haendi.

Baba Mdogo: Salum, weka choo.

Salum: Sawa. Kuna vya kubeba, vyenye tenki la chini linalochomolewa na kumwagwa chooni. Kinakaa chini ya benchi, pazia mbele. Natoa kabati la vikombe.

Shangazi: Kabati la vikombe!!

Shemeji Rama: Jamani kuna kitu. Jirani yangu wa Buguruni anauza bodi la friji, limetoka kwenye gari la samaki. Kuta nene zenye povu, ndani faiba. Urefu mita tatu na kidogo.

Salum: Shemeji!! Hilo linazuia joto na baridi vyote tayari. Sanduku nusu limekwisha.

Mjomba wa Tabata: Polepole. La zamani povu hunywa maji, linakuwa zito na halizuii joto tena. Ligongeni kuta zote, hasa chini na kwenye pembe. Likitoa sauti butu mahali, toboeni tundu dogo muone kama povu ni kavu. Na likanyanyuliwe lipimwe kabla hela haijatoka. Likizidi kilo 700 mimi simo, fremu bado haijahesabiwa.

Asha: Na harufu ya samaki?

Shemeji Rama: Ipo.

Mama: Ipo kiasi gani?

Shemeji Rama: Kiasi cha kushusha bei 😂

Baba Mdogo: Kesho saa tatu asubuhi Buguruni. Mjomba, Salum, Rama. Salum njoo na futi na nyundo ya mpira. Madirisha usiyachore tena mpaka tujue kuta zikoje, maana kila tundu tutakalokata linataka fremu yake.

Mwajuma: Bibi anauliza kama mlango wa hilo friji unafunguka kutoka ndani.

Mjomba wa Tabata: Swali la maana hilo mama. Nitaliangalia la kwanza.