Hofu ya maudhi ya dawa za presha imenifungia ndani: nifanye nini?

Swali: Mama wa Ngamiani, Tanga

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 61, mstaafu, na ninaishi Tanga mjini. Niligundulika kuwa na shinikizo la damu, nikaanzishiwa amlodipini ya miligramu 5, na baadaye kliniki wakanipandisha hadi miligramu 10 kwa kuwa presha ilikuwa haijashuka vya kutosha. Tangu nilipopandishiwa dozi, miguu inavimba. Asubuhi ninaamka ikiwa sawa, lakini kufika alasiri vifundo vimejaa, kanda za ndala zinaacha mifereji juu ya ngozi, na nikibonyeza kwa kidole juu ya muundi kishimo kinabaki kwa muda kabla ya kujaa tena.

Kilichonitia hofu zaidi ni ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Humo nimesoma habari za moyo kwenda mbio, kizunguzungu, ugonjwa wa manjano unaotokana na ini, hata mshtuko wa moyo, na tangu hapo kila ninachokisikia mwilini ninakihusisha na kidonge. Moyo ukidunda ninapoinuka kitandani, ninakaa tena na kuchukua kipimo cha presha. Kikisoma 138/84 ninatulia, kikisoma juu ya hapo ninarudia, na kila nikirudia namba zinazidi kupanda, hadi juzi usiku zikafika 171/98. Jirani yangu, ambaye ninamheshimu na ninajua ananitakia mema, ameniambia kwamba dawa hizi zinaua figo na kwamba afadhali nitumie unga wa mlonge.

Nimeacha kufagia uwanja, sokoni anakwenda mjukuu, na sehemu kubwa ya siku ninaipitisha kitandani kwa kuogopa kwamba nikijishughulisha moyo utashindwa. Dawa bado ninameza, lakini kila jioni ninakaa na kidonge mkononi kwa muda mrefu kabla ya kukitia mdomoni. Ninaomba mnisaidie: uvimbe huu ni hatari? Nitatofautishaje maudhi madogo madogo na madhara ya kweli? Na mtu wa hali yangu anaweza kufanya mazoezi gani akiwa nyumbani?

Jibu la 1: Mfamasia, Dodoma

Shikamoo, mama. Pole sana kwa hofu hiyo, na ninashukuru kwamba hujaacha dawa, kwa sababu wengi wanaofika dirishani kwetu na swali kama lako huwa wameshaacha kimyakimya na presha imeshapanda.

Nianze na miguu. Amlodipini hulegeza kuta za mishipa midogo inayopeleka damu kwenye viungo, na ndivyo inavyoshusha presha, lakini mishipa inayorudisha damu kwenye moyo hailegei kwa kiasi hicho hicho. Matokeo yake, damu inaingia kwa wepesi kuliko inavyotoka, maji kidogo yanapenya kwenye kuta za mishipa midogo kabisa, na kwa kuwa mtu hushinda ameketi au amesimama, yanatuama kwenye vifundo. Ukilala usiku yanarudi, ndiyo maana asubuhi miguu ni myembamba. Maudhi haya yanajulikana vizuri, huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na huongezeka dozi inapotoka miligramu 5 kwenda 10, jambo linalolingana kabisa na maelezo yako. Peke yake uvimbe huo si ishara kwamba moyo au figo zimeshindwa. Hata hivyo miguu inaweza kuvimba pia kwa sababu ya moyo, figo au ini, kwa hiyo usiridhike na maneno yangu ya hapa: nenda kliniki, waonyeshe miguu wakati wa alasiri ikiwa imejaa, na uombe wapime mkojo na utendaji wa figo. Wanaweza kuirudisha dozi chini, au kukuongezea dawa ya kundi la losatani, ambayo mara nyingi hupunguza uvimbe wa aina hii huku ikisaidia presha. Dawa za kukojoza hazisaidii sana hapa, kwa hiyo usinunue dukani kwa matumaini ya kukausha miguu.

Nina swali moja ambalo ningependa ulijibu: je, unatumia dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya magoti au mgongo? Dawa hizo hufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hupandisha presha, na kwa mtu mwenye presha ndizo zinazoweza kuumiza figo. Watu wengi huzimeza kila siku bila kuzihesabu kuwa ni dawa, halafu lawama inakwenda kwa kidonge cha presha. Kuhusu figo, jirani yako ana nia njema, lakini ukweli ni kinyume cha alivyosikia, kwa kuwa shinikizo la damu lisilodhibitiwa ni miongoni mwa sababu kubwa za figo kufa, na kidonge hicho kinazilinda kwa kulishusha. Mlonge ni mboga nzuri mezani, lakini usiuweke mahali pa dawa, na kama unatumia unga wake, waambie kliniki.

Sasa ile karatasi. Watengenezaji wanalazimika kuandika madhara yanayoshukiwa kutokana na dawa, yawe yamempata mtu mmoja kati ya kumi au mmoja kati ya maelfu, kwa hiyo usiisome kama orodha ya mambo yanayokusubiri. Neno lililoandikwa kando ya kila dalili lina maana maalumu: "hutokea mara nyingi sana" ni zaidi ya mtu 1 kati ya 10, na "hutokea kwa nadra sana" ni chini ya mtu 1 kati ya 10,000. Uvimbe wa vifundo uko juu kwenye orodha hiyo. Ugonjwa wa manjano uliousoma uko mwisho kabisa.

Pia hofu yenyewe huzaa dalili ambazo mtu anazisikia kweli, wala si za kubuni. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walitoa matokeo ya jaribio lililoitwa SAMSON, lililowahusisha watu 60 waliokuwa wameacha statini, yaani dawa za kushusha lehemu, kwa sababu ya maudhi. Kwa mwaka mzima kila mmoja alipitia miezi ya kumeza statini, miezi ya kumeza kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa, na miezi ya kutomeza chochote. Katika miezi ya kidonge kisicho na dawa waliteseka karibu sawasawa na miezi ya statini, na ilionekana kwamba takriban sehemu tisa kati ya kumi za mateso yale zilitokana na kitendo cha kumeza kidonge pamoja na kile walichotarajia kitawapata. Baada ya kuonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao waliweza kurudia dawa. Sisemi kwamba miguu yako inavimba kwa mawazo, maana uvimbe unabonyezeka na unaonekana. Lakini mapigo ya moyo unayoyasikia huku ukiwa umeshika kipimo mkononi, hayo yana mkono wa hofu ndani yake.

Mambo yasiyosubiri tarehe ya kliniki ni haya: maumivu ya kifua, kukosa pumzi hasa ukilala chali, kuzirai, uvimbe wa midomo, ulimi au uso, mguu mmoja kuvimba peke yake na kuuma, macho kuwa ya manjano, upande mmoja wa mwili kulegea au maneno kutotoka. Ukiona mojawapo, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kwa maudhi mengine, andika yalianza lini na yanakuja saa ngapi, kisha uyapeleke kliniki. TMDA, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba Tanzania, hupokea taarifa za madhara ya dawa kutoka kwa wananchi pia, na mhudumu anaweza kukusaidia kuzijaza.

Jibu la 2: Mzee wa Kisauni, Mombasa

Dada yangu, mimi nilianzishiwa enalaprili, nikapata kikohozi kikavu kisichoisha, hasa usiku, mpaka nikaamini ni kifua kikuu. Nilipowaeleza kliniki, daktari hakushangaa hata kidogo, akasema kikohozi hicho ni maudhi ya kundi hilo la dawa, akanibadilishia nikapewa losatani, na baada ya wiki kadhaa kikaondoka. Ninakuambia haya ili ujue kwamba kulalamika kwa daktari si utovu wa adabu. Dawa za presha ziko za aina nyingi, na hakuna anayetaka uteseke na moja.

Kuhusu kipimo, nesi alinifundisha hivi, na mpaka leo ndivyo ninavyofanya. Ninapima asubuhi kabla ya kumeza dawa, na jioni, basi. Ninakwenda haja kwanza, ninaketi kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na ninakaa kimya dakika tano. Ninapima mara mbili, nikiacha dakika moja katikati, na ninaandika zote mbili kwenye daftari, hata ile isiyonifurahisha. Kahawa sinywi nusu saa kabla. Daktari hutazama wastani wa wiki, na kwa vipimo vya nyumbani hupenda uwe chini ya 135/85. Namba moja ya usiku, uliyoipima ukitetemeka, haiwezi kumwambia daktari lolote kuhusu dawa. Usiku mpe mjukuu akihifadhi hicho kipimo.

Jibu la 3: Mtaalamu wa fiziotherapia, Moshi

Mama, shikamoo. Ninataka kuzungumzia hicho kitanda, kwa sababu ninaamini kinakudhuru zaidi ya kidonge. Mtu akishinda amelala kwa wiki kadhaa, misuli ya mapaja inapungua, damu inayozunguka mwilini inapungua pia, na moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa kazi ile ile ndogo. Akiinuka, moyo unadunda na kichwa kinakuwa chepesi, naye anasema, "Unaona? Ni ile dawa," kisha anarudi kulala, na kesho yake moyo unadunda zaidi. Kwa kuwa hana sababu ya kuinuka, anabaki akisikiliza mwili wake kutwa nzima, na mwili unaosikilizwa kutwa nzima haukosi cha kusema. Nimewaona wengi katika hali hiyo, na wengi wao walikuwa na moyo ulioweza kufanya kazi kubwa kuliko walivyouruhusu.

Anzia kitandani kabla hujainuka. Vuta vidole vya miguu kuelekea kwako, kisha visukume mbele, taratibu, mpaka usikie misuli ya nyuma ya muundi inakaza. Misuli hiyo ndiyo inayosukuma damu na maji kurudi juu, kwa hiyo zoezi hili ni tiba ya vifundo vyako pia, na ulirudie kila unapokuwa umeketi muda mrefu. Keti ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja, ndipo usimame. Baadaye chukua kiti kigumu kisichoyumba, ukiegemeze ukutani, ukae na kusimama pole pole bila kujivuta kwa mikono, mara chache tu kwa siku za mwanzo. Ukisubiri chai ichemke, shika ukingo wa meza ya jikoni na uinuke kwa ncha za vidole, kisha ushuke.

Kisha kutembea. Zunguka uwanja wako asubuhi kabla jua halijawa kali, na kipimo cha nguvu kiwe sauti yako: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko mahali panapofaa, na ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na mwongozo wake wa mwaka 2020 haudai tena kwamba kila kipande kifikie dakika kumi. Kwa hiyo dakika tatu za kufagia zinahesabiwa, na dakika tano za kwenda dukani zinahesabiwa. Ufagio wako uchukue tena, mama, ila upate wenye mpini mrefu ili usiiname muda mrefu na kuinuka ghafla. Alasiri lala na miguu juu ya mto kwa nusu saa. Na ukichambua mchele au kukuna nazi, usikae miguu ikining'inia saa nzima.

Mapigo kuongezeka wakati wa kazi na kutulia ndani ya dakika chache ukipumzika ni moyo ukifanya kazi yake. Maumivu ya kifua au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, simama hapo hapo na utafute msaada.

Mama wa Ngamiani

Marahaba, wanangu, na asante sana, kaka yangu wa Mombasa. Diklofenaki ninaitumia kwa ajili ya magoti, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Kipimo sasa kiko kwa mjukuu. Nimebakiwa na swali moja: Ramadhani nitaimezaje amlodipini, na magoti niyafanyeje?

Mfamasia, Dodoma

Mama, amlodipini hukaa mwilini kwa muda mrefu na humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo unaweza kuimeza baada ya futari au wakati wa daku, mradi uchague wakati mmoja na usiubadilishe. Kwa magoti, waambie kliniki kuhusu diklofenaki kabla ya jambo lolote lingine. Kwa wakati huu parasetamoli ni salama zaidi kwa presha yako ukifuata kipimo kilichoandikwa, na diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana kuliko ya kumeza. Zoezi la kiti ulilofundishwa na mwenzangu wa Moshi linaimarisha mapaja, na mapaja yenye nguvu hupunguza mzigo wa magoti. Nenda kliniki kabla Ramadhani haijaanza, kwa sababu wakikuongezea dawa ya kukojoza au ya kumeza mara mbili kwa siku, mpangilio wa kufunga utabidi upangwe upya.