Korosho zangu zinauzika ila hazina jina, brendi naanzia wapi? (Mtwara)

BintiMikindani:
Habari za humu wadau. Nabangua na kukaanga korosho hapa Mtwara mjini, tuko mimi na mdogo wangu na wamama wawili wanaonisaidia kumenya. Nafunga robo na nusu kilo kwenye pakti nyeupe, mdomo nachoma kwa mshumaa, basi. Wateja wangu wengi ni wasafiri pale stendi ya Mkanaledi na watu wa ofisini wanaobeba zawadi wakienda Dar. Shida yangu ni moja, mtu akila akazipenda hana pa kushika, anarudi anauliza "zile korosho za yule dada" na yeyote mwenye ndoo pale stendi anaitika ni mimi. Kuna kijana kanitengenezea logo kwenye simu, ina korosho, mnazi, jua linachwea, kinyago cha Kimakonde na bahari, rangi kama sita hivi. Kwenye simu inapendeza jamani, ila nimeichapa kwenye stika ndogo sioni kitu. Na jina nimegawanyika, Mtwara Korosho Bora au Somoe, ambalo ni jina la bibi yangu aliyenifundisha kukaanga kwa chumvi. Nianze na nini, hela yenyewe ya kuungaunga.

Mpiga debe mstaafu:
Dada usipoteze hela. Abiria akichungulia dirishani ana dakika mbili, anaangalia weupe wa korosho na ukubwa wake afu anauliza bei. Hakuna mtu pale anayesoma logo. Ongeza ndoo ya pili.

stika_na_mabango:
Mpiga debe uko sahihi kwa abiria ila huyu wa zawadi ni mtu mwingine kabisa, yeye pakti inafika mezani kwa bosi wake Dar na pale ndo inasomwa. Kwa hiyo dada amua kwanza unamvalia nani, ukitaka kuwavalia wote kwa mpigo ndo unapata logo ya vitu vitano kama hiyo.

Sasa kwa upande wa kazi yetu, huyo kijana mwambie achague kitu kimoja tu. Kinyago na mnazi kila mtu wa kusini anaweka, kuanzia gesti mpaka kinyozi, havikutofautishi na mtu. Afu muombe akutolee kwa rangi nyeusi peke yake kwa upana wa vidole viwili, ikisomeka hapo itasomeka popote, isiposomeka hakuna rangi itakayoiokoa. Zile rangi za kwenye kioo cha simu hazifiki zote kwenye karatasi, kioo kinatoa mwanga na wino hautoi, kile kijani kinachowaka kikipita kwenye printa kinapoa kinakuwa kama mchicha ulioiva. Na usikubali kupewa picha ya kutumiwa WhatsApp, dai faili la vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kuharibika, la PDF au AI (la programu ya Illustrator), maana picha ya kawaida ukiikuza iwe bango inaota ukungu, na siku kijana akihama mji utaanza upya kwa mtu mwingine.

Pakti zilizochapwa kabisa achana nazo kwa sasa, wachapaji wanataka oda kubwa. Nunua pakti tupu zinazosimama, bandika stika yako.

BintiMikindani:
Asante sana kaka. Je zile pakti za kaki zenye kidirisha? Nimeona za wenzetu zinavutia.

stika_na_mabango:
Kaki kavu isiyo na bitana ndani usiguse, korosho ya kukaanga ina mafuta, baada ya siku chache pakti inatoka madoa kama imefungiwa sambusa. Kidirisha kinauza kweli, mpiga debe kashasema watu wanataka kuona weupe, ila mwanga na hewa ndo vinaichachisha korosho. Weka kidirisha kidogo kwa zile zinazoisha haraka, za kusafiri mbali tia kwenye foili. Na ule mshumaa uache dada yangu, tafuta mashine ya kusili, ile ya kufunga mdomo wa pakti kwa joto, hii hewa yetu ya pwani ikipata tundu la sindano tu korosho inalegea inakuwa kama imelowekwa.

Mwanasheria_wa_kijiweni:
Kwenye jina chukua Somoe. Mtwara Korosho Bora linataja mahali, bidhaa na sifa, na hayo kila mtu ana haki ya kuyatumia, ukienda kusajili kama alama ya biashara utapata tabu. Watu wanachanganya hapa, kusajili jina la biashara BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara) ni kitu kimoja, na alama ya biashara ni kingine ingawa ni BRELA hiyohiyo na mfumo wa mtandaoni wa ORS huohuo. Cheti cha jina hakimzuii mtu kubandika Somoe kwenye korosho zake, kinachokupa nguvu ni alama, chini ya sheria ya mwaka 1986. Inasajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, korosho za kukaanga ni daraja la 29, ghafi ni 31. Ikipita inadumu miaka 7, afu unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Ni ya Bara tu, Zanzibar wana ofisi yao. Fanya utafutaji wa jina kabla hujalipa hata stika moja.

Mzee wa Newala:
Binti yangu, mimi ninauliza ndani ya pakti kuna nini. Maana nimenunua za watu wengi, juu W240 nzima nzima, chini vipande. Hiyo namba ni idadi ya punje kwenye ratili (pauni) moja, W180 ni kubwa kuliko W320, mnunuzi wa nje anaijua vizuri na mgeni wa Dar ataijua kwa macho. Chambua, nzima zikae peke yake na vipande viuzwe bei yake, andika vipande bila aibu, wapika keki wanavitafuta. Chumvi pima kwa kijiko kilekile kila siku, hao wamama wakipokezana mikono ladha inabadilika na stika inabaki ileile.

Halafu nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua na maelekezo ya TBS, shirika la viwango. Lebo iwe na uzito, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, namba ya toleo na mahali ulipo. Robo iwe robo kweli, Wakala wa Vipimo hawana utani. Bakodi hii inayoanza na 620, inayotolewa na GS1 Tanzania, subiri mpaka supamaketi wakuitikie, stendi haina kazi.

Mpiga debe mstaafu:
Mzee, Wamakonde kwa kupima chumvi hamjambo 😂 haya dada weka Somoe kwa herufi kubwa nyeusi, nizisome nikiwa juu ya basi.

BintiMikindani:
😂😂 Shikamoo mzee wangu, kuhusu vipande umenigusa, huwa nachanganya ila havizidi robo ya pakti. Nitatenga. Kijana nishamwambia abaki na neno Somoe na punje moja tu, kanuna kidogo. Sasa swali, kuna mtu hapa Mtwara au Lindi anauza pakti za foili rejareja, hata mia mia, au ni lazima niagize Kariakoo?

stika_na_mabango:
Njoo inbox.